Kiuno kinauma: utembee au utandike mkeka?

Kulala kitandani hakumo kwenye mjadala huu. Siku hizi madaktari wanataka ujongee. Ubishi ni kati ya kutembea na mazoezi ya kuimarisha misuli juu ya mkeka.

Kwa gharama wanakwenda sare: viatu huku, mkeka kule, na jamvi pia linafaa.

Kuzuia maumivu yasirudi, kutembea kuna ushahidi mzito. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la kitabibu The Lancet ulihusisha watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliotembea kwa mpango, wakielekezwa na mtaalamu na kulenga dakika 30 mara tano kwa wiki, nusu yao walifika siku 208 bila kuumwa tena. Kwa wasiopewa mpango ilikuwa siku 112.

Mkeka unashinda kwa mbeba magunia, maana kutembea hakumpi nguvu za kuinua. Lala chali, kunja magoti, inua makalio mpaka mapaja na kifua vinyooke, hesabu hadi tano, shusha polepole. Tatizo ni uvivu: mkeka wangu ulisimama nyuma ya mlango miezi miwili. Kutembea nako kuna bodaboda zinazokupangusa kiwiko.

Anayeshinda kitini aanze na barabara. Wa mizigo, mkeka kwanza, na mwenye nafasi achanganye. Ila ukipata ganzi sehemu za siri au mkojo ukakushinda kuzuia, nenda hospitali leo hii.