Seti ya RAM DDR4-3600 niliyoifunga kwenye mashine mbili

Nina miezi minane na seti hii: vipande viwili vya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vya GB 8 kila kimoja, DDR4-3600 (aina ni DDR4, kasi ni 3600), CL18 (mapigo ya kusubiri kabla data haijatoka), volti 1.35. Nimeifunga kwenye mashine mbili, na mtu akiniuliza kama inafaa, mimi namuuliza kwanza ana prosesa gani na ubao mama gani. Kwenye mashine ya kwanza ilikuwa hela iliyolala. Kwenye ya pili imetulia kiasi kwamba sina hamu ya kuigusa tena.

Mashine ya kwanza ilikuwa na prosesa ya Intel, Core i5-10400, juu ya ubao wa chipseti ya H410 (chipseti ni chipu inayoamua ubao unaruhusu nini). Nikachomeka, nikawasha, nikafungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha hali ya mashine: kasi ya RAM 2133. Nikahisi kipande kimoja hakijakaa sawa. Nikazima, nikavitoa vyote viwili, nikapuliza sloti, nikavirudisha taratibu mpaka vibano vikalia ta! 2133 ile ile. Nikaingia BIOS (mipangilio ya ubao wenyewe), nikawasha XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM), ikapanda hadi 2666 na kugota hapo. Orodha ya kasi yenyewe ilikuwa inaishia 2666.

Hakuna kilichoharibika. Kidhibiti cha RAM siku hizi kimo ndani ya prosesa, na Intel wameandika wazi kwamba i5-10400 inapokea DDR4 hadi 2666. Ukitaka kuvuka hapo unahitaji ubao unaoruhusu, na kwa kizazi kile cha 10 ruhusa hiyo alikuwa nayo mwenye Z490. H410 na B460 zimefungwa. Nyaraka hizo zipo kwa kila mtu, ila kwenye boksi la RAM namba 3600 imejaa mbele nzima, na habari kwamba kasi itategemea mashine yako imebanwa nyuma kwa herufi za kutafuta kwa tochi. Hilo limeniudhi, na bado linaniudhi, kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza anasoma mbele tu.

Halafu kuna CL, ambayo wengi wanairuka. Chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi, unapata nanosekunde za kusubiri. 3600 ya CL18 ni 10. 3200 ya CL16 ni 10 vilevile. Mimi kwenye H410 nilikuwa nakimbiza 2666 kwa CL19, yaani zaidi ya 14. Ubao ule uliniruhusu kushusha hadi CL15, nikafika kama 11 na robo, na hapo ndipo nilipoanza kuiona thamani kidogo.

Mashine ya pili ni Ryzen 5 5600 na ubao wa B550. Nilipowasha XMP, skrini ilibaki nyeusi karibu dakika nzima, mashine ikajizima na kujiwasha mara mbili. Ukikutana na hali hiyo usichomoe waya. Ubao unajaribu RAM mpaka upate mpangilio unaokubalika. Ikawaka: 3600. CPU-Z, programu ya kuangalia vipuri vya mashine, itakuonyesha kama 1800, na ni sahihi, kwa kuwa DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo.

AMD, watengenezaji wa Ryzen, kwa prosesa hii wanaahidi 3200 tu, kwa hiyo 3600 ni nyongeza. Lakini ni nyongeza yenye maana: njia ya ndani ya Ryzen, Infinity Fabric, kwa kawaida inaweza kwenda sambamba na RAM kwenye 1800. Ukipanda sana juu ya hapo, ubao huweza kuigawa kasi ya kidhibiti cha RAM kwa nusu, na kusubiri kunaongezeka hata kama namba ni kubwa. Niliiacha MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM, usiku kucha, mizunguko minne, kosa sifuri. Nikihariri video sasa picha inafuata mkono wangu papo hapo; kwenye ile ya kwanza ilikuwa inakuja nyuma.

Vipande viwili viweke sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo mbao nyingi za sloti nne zinavyotaka. Nimeshaona mashine nzuri ikitumia njia moja ya data kati ya RAM na prosesa badala ya mbili kwa sababu ya hilo tu.

Mwezi uliopita nikaongeza seti ya pili, ile ile, nifike GB 32. Kwa 3600, MemTest86 ikaanza kutoa makosa kabla ya dakika kumi. Nikashusha hadi 3200, yakaisha. Vipande vinne vinakilemea kidhibiti kuliko viwili, hata vikiwa ndugu wa boksi moja.

Kwa Ryzen 5000 na B550 naipa tano kati ya tano, ikiwa vipande viwili. Kwa H410 au B460 naipa mbili. Huko tafuta 2666 yenye CL ndogo. Seti ya pili nimempa mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye ile H410 sasa. Inakimbia 2666, naye shida yake ilikuwa ukubwa wa RAM, si kasi.