Mpira wa vindege vya ukumbini: upi ununue, upi uachane nao

Wadau wa vindege vya kuchezea vyenye propela inayozungushwa na mpira uliosokotwa hapa Mwanza, wengi mnanunua mpira mnene mkidhani ndio nguvu. Ukumbini hakuna upepo wa ziwa wa kupambana nao, kuna kenchi na bati tu (na feni, zimeni kwanza jamani), kwa hiyo unachotaka ni propela izunguke taratibu muda mrefu. Wanaoshindana kidunia daraja la F1D (vindege vyepesi vya mpira vya ukumbini) hawaruhusiwi mpira kuzidi gramu 0.4 na bado wanakaa hewani zaidi ya dakika 20, fikiria hapo.

Namba moja bila ubishi ni utepe maalum wa mpira, Tan Super Sport ya Marekani. Madukani Makoroboi usijisumbue kuutafuta, agiza au mpe hela mtu anayerudi kutoka huko, unauzwa kwa uzito hivyo mnaweza kuchanga kikundi kizima. Sasa upana: kindege cha balsa (mbao nyepesi sana) na karatasi cha gramu 8 mpaka 12 anza na mm 3.2, cha gramu 3 hivi kinaridhika na mm 2.4 au pungufu kidogo. Halafu jua kwamba ukipunguza upana nusu, nguvu ya kusokota propela inashuka mpaka karibu theluthi, ila kwa urefu uleule raundi unazoweza kusokota zinapanda kama mara 1.4, ndo maana kuruka saizi moja kunabadilisha kindege kabisa. Mita moja ya mm 3.2 ina gramu 3 na ushee tu, mizani ya duka la mchele haitakusaidia, azima ile ya wanunuzi wa dhahabu inayosoma gramu 0.01.

Namba mbili, rababendi nyembamba za stationari unaziunga mnyororo. Bei poa, kwa watoto wanaojifunza safi kabisa, ila kila kiungo ni uzito na mara nyingi hapo ndo panakatika.

Lastiki ya nguo mi siipendi, ule uzi wa juu unaibana. Tyubu ya baiskeli ndo ya mwisho, nyingi ni butili (mpira wa kiwandani, si wa asili), unasokota weee inakurudishia kidogo, na nzito pia, hiyo ipelekeni kwenye manati.

Kilainishi: mafuta ya nyonyo yanafaa, silikoni bora zaidi, vaselini na grisi hapana kwani mafuta yatokanayo na petroliamu yanaula mpira. Utunze gizani, jua letu hili linaumaliza haraka.

Funga kitanzi chenye urefu kama mara moja na nusu ya umbali kati ya ndoano mbili zinazoshika mpira, uvute mara nne ya urefu wake ndo uanze kusokota huku unasogea taratibu. Kindege kikigonga bati kikashuka na raundi kibao zimebaki, rudi na mpira mwembamba au mrefu zaidi, kikigoma kupanda ongeza upana kidogo kidogo.