Jiko la kubeba safarini: makopo, gesi, mkaa au mchina?

Kabla hujauliza bei ya jiko, uliza litakula nini. Watu wanaojiandaa kwenda kulala nje, iwe msitu wa Pugu, iwe Uluguru, iwe ufukweni Kigamboni, huchagua jiko kwa sura yake. Wakifika huko mkaa hakuna, kuni zimelowa, au mlinzi wa hifadhi anawaambia moto wa kuni ni marufuku. Jiko unalinunua mara moja tu, lakini chakula chake unakitafuta kila unapotaka chai.

Hapa nazungumzia jiko dogo: la kuchemshia chai na kupikia wali wa watu wawili watatu, kwa usiku mmoja hadi mitatu, na wewe ndiye punda wa kulibeba. Nimeyapanga kuanzia ninalolibeba mwenyewe hadi lile nililoligawa bure, mchina, yaani jiko la tambi la mafuta ya taa. Bei nilizotaja ni za Dar es Salaam na ni za kukadiria. Ukiwa na ulimi mzuri zitashuka.

1. Jiko la makopo mawili

Usilidharau kwa jina lake. Ni kopo ndani ya kopo. La ndani unalijaza vijiti, la nje linalizunguka na kuacha mwanya wa kidole kimoja. Matundu ya chini ya kopo la nje yanaingiza hewa. Sehemu ya hewa hiyo inapita chini ya vijiti, na sehemu nyingine inapanda katikati ya kuta mbili, inapata moto njiani, kisha inatokea kwenye matundu madogo yaliyozunguka mdomo wa kopo la ndani. Hapo inakutana na moshi ambao haujaungua, na moshi wenyewe unashika moto. Ukiona vindimi vinatoka kwenye yale matundu ya juu kama jiko la gesi, ujue limekubali.

Siri yake ni kuwashia juu. Wengi wanawasha chini kama walivyozoea kwenye mkaa, wanapata moshi wa kufukuzia nyuki, halafu wanakwenda kusema makopo hayafai.

Dukani hulipati. Nenda kwa mafundi bati, eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam au popote wanapotengeneza vibatari, masanduku ya shule na mikebe ya kuokea mikate. Fundi anayeweza kugeuza kopo la maziwa kuwa kibatari kisichovuja tayari anajua robo tatu ya kazi hii. Walio Nairobi wana Kamukunji, ambako nyundo hazinyamazi kuanzia asubuhi. Ila nenda na makopo yako mwenyewe, maana fundi akikutafutia atakuletea yaliyopo, si yanayoingiana. Kopo la chakula la gramu 850 lina kipenyo cha karibu sentimita 10. Kopo la maziwa ya unga la gramu 900 lina karibu 13. Ukiliweka la kwanza ndani ya la pili unabaki na mwanya wa sentimita moja na ushee, na huo unatosha. Kwa makopo yako mwenyewe, kazi isizidi elfu tano.

Ukitaka kulitengeneza nyumbani, unahitaji nyundo, misumari ya unene tofauti, mkasi wa bati na glavu. Kabla ya kutoboa, ingiza kipande cha gogo ndani ya kopo, la sivyo kila pigo la nyundo litalibonyeza. Kopo la ndani lipate matundu mengi kwenye kitako na mstari mmoja wa matundu karibu na mdomo, kila moja likiwa mbali na mwenzake kwa upana wa kidole. Kopo la nje lipate matundu makubwa zaidi, karibu na kitako. Juu, sehemu ambayo la ndani linakaa kwenye la nje, pazibwe vizuri: hewa ikitorokea hapo haitafika kwenye matundu ya mdomo. Sufuria ikalie kipande cha kopo la tatu kilichokatwa madirisha, au boliti tatu ndefu. Usiikalishe moja kwa moja juu ya mdomo, utauzima moto kwa kuunyima pumzi. Na kingo za bati zikunjwe zote. Mimi nina kovu la kidole gumba linaloweza kutoa ushahidi, na sindano ya pepopunda niliyochomwa siku hiyo ilinigharimu kuliko jiko.

Jambo moja watu hawalizungumzi: makopo mengi yana utando ndani, mweupe au wa rangi ya dhahabu, na rangi nje. Vyote vitaungua na kunuka. Basi mara mbili za kwanza liwashe uwanjani, bila sufuria, moto mkali hadi harufu iishe, na wewe ukae upande upepo unakotoka. Rangi ya fedha inayong'aa nayo itapotea, kwa sababu ule mng'ao ni utando wa madini ya bati (tin), yanayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Kinachobaki ni chuma chembamba, na ndicho unachokitaka.

Makopo ya kukataa: yoyote ya dawa ya kupuliza, hata likionekana tupu, maana linaweza kulipuka ukilitoboa au likipata moto. La dawa ya shambani, hata ukiliosha mara saba. La soda kwa kazi hii pia hapana, kwa kuwa ni alumini, inayoyeyuka nyuzi 660, na kaa jekundu likipulizwa linapita hapo. Ukishindwa kutofautisha, beba sumaku: ikinata ni chuma.

Linakula nini? Vijiti vikavu vya unene wa kidole, magunzi ya mahindi, na kwa sisi wa pwani, vifuu. Kifuu kilichovunjwa vipande kinatoa moto mkali kupita vijiti, na wakuna nazi wanakitupa. Nikienda safari ya usiku mmoja nabeba mfuko wa vifuu ambavyo havijanigharimu hata senti.

Kasoro zake sizifichi. Sufuria itakuwa nyeusi tii (paka sabuni ya mche nje kabla ya kupika, masizi yatatoka kwa urahisi). Linataka mtu akae nalo, huwezi kwenda kuoga ukaacha maharage. Kuni mbichi halizitaki kabisa. Na kopo la ndani litaliwa na moto na kutu. Likitoboka, kula maharage mengine ya kopo, ubadilishe.

2. Gesi, ambayo mlimani ndiyo ya kwanza

Kama unakwenda Kilimanjaro, ruka yote niliyosema juu. Kuni na mkaa haviruhusiwi ndani ya hifadhi ile, na sababu yake tuliiona. Moto mkubwa uliozuka mlimani tarehe 11 Oktoba 2020, eneo la Whona, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, katika taarifa zake za awali ilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Uliwaka kwa siku kadhaa huku watu wakipanda kuuzima kwa matawi na majembe. Kwa hiyo ukiambiwa hifadhini "gesi tu", usibishane, na hifadhi nyingine yoyote uliza kabla hujafungasha.

Machaguo ni mawili. Kuna mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, ule wa mabachela. Unapika haraka, haunuki, na gesi yake unaipata hadi vijijini. Kujaza ni zaidi ya elfu ishirini, na seti mpya ni kama mara mbili ya hapo. Tatizo ni mgongo: kilo 6 ni za gesi peke yake, chuma chenyewe kina uzito wake. Unafaa kwa wenye gari. Kisha kuna vikopo vya gesi vya kutupa, vyepesi, pamoja na jiko lake la kukunja. Hivi ni vitamu, ila kagua aina ya gesi. Kopo lenye butane peke yake linazira kwenye baridi, kwa sababu butane inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Alfajiri mlimani utatikisa kopo lililojaa na moto hautoki. Tafuta lenye mchanganyiko wa propane. Na kopo likiisha usijaribu kulijaza tena kwa mtungi mkubwa kama wafanyavyo vijana fulani. Halikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Kwenye ndege hakuna la gesi litakalopita, hata likiwa nusu.

3. Jiko la mkaa lenye udongo, saizi ndogo

Hili kila mtu analijua, na bado watu wanalinunua vibaya. Lile lenye kiuno, bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lilizaliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati mbadala wa mwaka 1981. Wazo la udongo lilitoka kwenye majiko ya ndoo ya Thailand. Mafundi wa jua kali, waliokuwa wakikata mapipa ya mafuta kutengeneza majiko ya bati tupu, ndio waliolipa umbo na kulisambaza. Faida yake ni udongo: unashika joto, mkaa unadumu, na mwili wa jiko hauchomi watoto kama lile la bati tupu.

Dogo ni kati ya elfu tano na elfu kumi na tano. Ligonge udongo kwa ukucha: ukilia kama kikombe, umeiva, ukilia kama ubao, una ufa au haukuchomwa vizuri. Tazama saruji inayounganisha udongo na bati, isiwe inamomonyoka. Fungua na kufunga mlango wa majivu mara kumi mbele ya muuzaji, maana ndio unaokufa wa kwanza.

Safarini linashika nafasi ya tatu kwa uzito, na kwa kuwa basi la mkoani ni adui wa udongo. Langu la kwanza lilifika Lushoto likiwa vipande vinne.

Hapa naomba usisome haraka. Mkaa hauingii ndani ya hema, hata mvua inyeshe vipi, hata ukiona umeshageuka majivu. Unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Jiko likimaliza kazi lilale nje.

4. Jiko la spiriti

Mfano wake maarufu ni Trangia ya Sweden, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1925, na kikombe chake cha shaba kinaonekana hata leo kwenye mabegi ya watalii. Wapenda kutembea wameuiga kwa vitako viwili vya makopo ya soda vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine, na hapa alumini inafaa, kwa kuwa spiriti inalowa ndani na kuipoza. Ni jepesi kuliko kijiko chako. Spiriti utaipata maduka ya rangi, wanakonunua mafundi wa vanishi.

Kwa chai ya mtu mmoja, zuri. Kwa ugali, sahau. Tena ndimi zake mchana hazionekani, na hapo ndipo hatari ilipo: mtu anadhani limezima, anaongeza spiriti, moto unapanda hadi kwenye chupa. Acha lipoe kabisa, ulifunike dakika chache, ndipo uongeze.

5. Jiko la vumbi la mbao

Hili ni la kambi ya kukaa, si la kutembea. Kopo la rangi la lita nne, tundu moja pembeni chini. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha kijiti kwenye tundu hadi kiguse chupa, unashindilia vumbi la mbao kavu pande zote, kisha unavichomoa vyote viwili taratibu. Unawashia chini. Likishindiliwa sawasawa linakula polepole kwa saa kadhaa bila kuguswa, na maharage yanaiva wenyewe. Karibu na mashine ya mbao ni bure. Moshi wake, lakini, utakuja nao nyumbani kwenye nguo.

6. Mchina

Nililigawa. Jiko la tambi la mafuta ya taa lilikuwa na heshima yake siku mafuta yalipokuwa rahisi, lakini Tanzania ilipandisha kodi yake mwaka 2011 na Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, zote mbili zikiwakimbiza wachakachuaji wanaochanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Bei nafuu iliyokuwa sifa yake kuu imekwenda. Kilichobaki ni harufu, masizi, na tangi linalovuja likilazwa. Kilo mbili zangu za unga wa sembe zilinywa mafuta ndani ya begi, na usiku ule tulilalia karanga.

Na lile la kukataa

Sokoni utakutana na majiko madogo mazuri mapya yaliyokatwa kwenye vipande vya bati la kuezekea. Yanang'aa, na bei yake inavutia. Ule mng'ao ni zinki. Inayeyuka nyuzi 420 hivi, na kwenye moto mkali inatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unaweza kukuletea homa na kutetemeka usiku. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja anayeyauza, "Shikamoo mzee, hili si bati la nyumba?" Akaitika marahaba, akacheka, akasema, "Mwanangu, hilo la kupambia. La kupikia liko nyuma." Akaenda nyuma kweli, akaniletea la pipa.

Basi ukifika kwa fundi na makopo yako, mwambie mambo matatu: akunje kingo zote, azibe juu, na asipake rangi. Hilo la rangi mwambie mara mbili, kwa sababu ukimgeuzia mgongo atalipaka fedha ili lipendeze.