Darasa la useremala Ngong Road, kwa mtu anaanza kabisa

Kama hujawahi shika hata msumeno, hii karakana ya kando ya Ngong Road, Nairobi, naipendekeza sana. Mashine huguzi mwanzoni. Unaanza na patasi na randa, na kabla ukate chochote fundi anakufunza kunoa, juu patasi butu inakufanya usukume kwa nguvu na hapo ndio inateleza inakudunga, alafu mbao lazima ifungwe na klampu ndio mikono yote miwili ibaki nyuma ya makali. Hiyo anaisisitiza mpaka inakuingia, na kwangu hiyo pekee inatosha pesa ya darasa. Kukata nako, msumeno unapita upande wa kipande cha kutupa, sio juu ya laini uliyochora, ndio kiungo kisilegee. Mnatumia saiprasi, ni rahisi kukata. Mkifika kwa msumeno wa meza, ule wa mashine, hakuna glavu wala mikono mirefu ya shati, bledi ikishika kitambaa inavuta mkono, na vipande vidogo mnasukuma na kijiti. Miwani wanakupea, lakini maski ya vumbi ubebe yako, hapo kwa kweli warekebishe, vumbi ya MDF, zile bodi za unga wa mbao na gundi, si ya kuvuta. Wikendi kunajaa, enda katikati ya wiki.