Sinema za Televisheni za Miaka ya Sabini: Tathmini ya Mtazamaji wa Jioni

Jioni zangu nyingi za mwaka huu nimezitumia kuangalia sinema za Kimarekani ambazo hazikukusudiwa kwa majumba ya sinema. Zilitengenezwa ili zirushwe na vituo vya televisheni, zitazamwe sebuleni baada ya chakula cha usiku, na kesho yake watu waendelee na mambo mengine. Kwa miaka mingi zimehesabiwa kuwa bidhaa ya daraja la pili. Mimi nimefikia uamuzi tofauti: zile zilizo bora kati yake hazimpotezei mtazamaji hata dakika moja, na kinachozifanya ziwe hivyo ni ule ule ufinyu wa muda na fedha uliosababisha zidharauliwe.

Aina hii ya filamu ilizaliwa kwa sababu za kibiashara. Katika miaka ya sitini vituo vikubwa vya Marekani vilitegemea filamu za Hollywood zilizokwisha kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, lakini bei ya kuzikodi ilikuwa ikipanda na akiba yake ikipungua. Kituo cha NBC kikashirikiana na kampuni ya filamu ya Universal kutengeneza filamu zake chenyewe, na ya kwanza, See How They Run, ikarushwa Oktoba 1964. Miaka mitano baadaye kituo cha ABC kilianzisha Movie of the Week, kipindi cha kila wiki kilichotengewa dakika 90 hewani. Ukiondoa matangazo ya biashara, mwongozaji alibakiwa na dakika 75 hivi za kusimulia kisa kizima, tena kisa chenyewe kilipaswa kugawanywa vipande, kila kipande kiishie mahali ambapo mtazamaji hatathubutu kubadilisha kituo wakati sabuni na magari vikitangazwa. Ukiziangalia leo bila matangazo hayo, mishono bado inaonekana: muziki unapanda, picha inazama gizani kwa sekunde moja au mbili, kisha hadithi inaendelea. Mwanzoni mikato hiyo ilinikera. Sasa naisubiri, kwa kuwa hapo ndipo unapomjua mwandishi hodari na yule anayejaza muda tu.

Anayetaka kujua kama sinema hizi zinamfaa aanze na Duel, iliyorushwa na ABC tarehe 13 Novemba 1971 na kuongozwa na Steven Spielberg kabla hajatimiza miaka 25. Kisa chake kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja. Mfanyabiashara aitwaye David Mann, aliyeigizwa na Dennis Weaver, anasafiri kwa gari dogo jekundu katika barabara za nyika ya California, analipita lori kuukuu la kubeba mafuta, na kuanzia hapo lori lile linamwinda. Uso wa dereva wa lori hatuonyeshwi waziwazi. Tunaona viatu vyake na mkono unaotoka dirishani kumruhusu Mann apite, wakati gari jingine linakuja mbele. Hakuna maelezo ya chuki hiyo imetoka wapi. Mtu yeyote aliyewahi kuteremka Kitonga huku lori lililosheheni likimpumulia mgongoni hatahitaji kuelezwa.

Niliiangalia pamoja na Baba, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Zambia, na ambaye kwa kawaida husinzia kabla filamu yoyote haijafika katikati. Safari hii hakusinzia. Mapema katika hadithi, mhudumu wa kituo cha mafuta anamwambia Mann kwamba mpira wa rejeta unahitaji kubadilishwa, na Mann anampuuza kwa kudhani anataka kumwuzia kitu asichokihitaji. Baba akasema papo hapo, “Huo mpira atakuja kuuona mlimani.” Alikuwa sahihi, na furaha yake ya kuwa sahihi ilikuwa kubwa kuliko ya mtoto. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha ubora wa muswada: jambo limewekwa mbele ya macho yetu kwa uaminifu, likasahauliwa, kisha likadai malipo kwa wakati wake. Tukio jingine ninalolipenda liko kwenye mgahawa wa kando ya barabara, ambako Mann anakaa akiwatazama wanaume waliopo, mmoja baada ya mwingine, akijaribu kutambua kwa viatu ni yupi anayetaka kumwua. Kwa dakika kadhaa hakuna gari hata moja linalokwenda, lakini hicho ndicho kipande kinachotisha kuliko vyote.

Dosari yake kwangu ni ile sauti ya mawazo ya Mann inayosikika mara kwa mara ikitueleza hofu ambayo uso wa Weaver umekwisha kuieleza. Aidha, nakala nyingi zinazopatikana leo si zile za dakika 74 zilizorushwa usiku ule, bali ni toleo la dakika 90 lililoandaliwa kwa ajili ya majumba ya sinema nje ya Marekani, likiongezewa matukio kama vile basi la shule lililokwama na simu ya Mann kwa mkewe. Ukiipata fupi, chukua fupi. Ile simu hasa inapunguza upweke wa mtu yule bila kutupa chochote cha maana.

Duel iliandikwa na Richard Matheson kutokana na hadithi fupi yake mwenyewe, na miezi miwili tu baadaye, Januari 1972, jina lake lilionekana tena ABC katika The Night Stalker. Nilijifunza mapema kwamba katika sinema za televisheni jina la mwandishi ni kielelezo bora kuliko jina la stelingi, kwa kuwa fedha za kununua mambo makubwa hazikuwapo na mzigo wote uliangukia maneno na mpangilio. Hapa mwandishi wa habari aliyechoka, Carl Kolchak, akiigizwa na Darren McGavin katika suti iliyokunjamana, anafuatilia mauaji ya wanawake Las Vegas na kuanza kuamini kwamba muuaji ni mnyonya damu. Kinachotisha zaidi ya mnyonya damu mwenyewe ni wakubwa wa mji, ambao kila Kolchak anapowaletea ushahidi wanaufikiria utalii kwanza. Waandishi wa habari wa kwetu watacheka kicheko kichungu wakiiona. Sinema hii ilipata watazamaji wengi kiasi kwamba ilizaa ya pili na baadaye mfululizo wa kila wiki, lakini ya kwanza inatosha.

Kwa wasiopenda vitisho ipo Brian's Song ya Novemba 1971, inayosimulia urafiki wa kweli wa wachezaji wawili wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chicago Bears, Gale Sayers na Brian Piccolo, mmoja mweusi na mwingine mweupe, waliopangwa chumba kimoja wakati jambo hilo lilikuwa geni katika timu yao. Piccolo alifariki kwa saratani mwaka 1970 akiwa na miaka 26, na sinema haimfichi mtazamaji: tangu mwanzo inatangaza kwamba hiki ni kisa kinachoishia kwenye kifo. Billy Dee Williams na James Caan wanaigiza kwa utani mwingi, hata mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo ule wa Wamarekani ataelewa kwamba kutaniana kwao ndiko kupendana kwao. Muziki wa Michel Legrand unasukuma machozi kwa nguvu kupita inavyohitajika. Hata hivyo mke wangu alilia, nami nilikuwa na vumbi jichoni.

Ya juu kabisa kwa uigizaji, kwa maoni yangu, ni The Autobiography of Miss Jane Pittman, iliyorushwa na CBS Januari 1974 kutokana na riwaya ya Ernest J. Gaines. Cicely Tyson anamwigiza mwanamke aliyezaliwa utumwani Louisiana na kuishi mpaka enzi za harakati za haki za kiraia katika miaka ya sitini, akiwa na umri wa miaka 110. Usiutazame uzee wa ngozi peke yake, ingawa kazi ya upambaji ilifanywa na mafundi waliokuja kuwa maarufu sana, Stan Winston na Rick Baker. Tazama jinsi anavyoitafuta pumzi katikati ya sentensi na jinsi mkono unavyotangulia kushika kiti kabla mwili haujaamua kukaa. Filamu hii ilipata tuzo tisa za Emmy, zile za televisheni ya Marekani. Sitaeleza mwisho wake, ila nitasema kwamba ni mwendo wa bibi kizee kuelekea kwenye bomba la maji ya kunywa, na kwamba mwongozaji, John Korty, alikuwa na busara ya kutomharakisha.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki zipo mbili zinazotuhusu moja kwa moja, na hapa pendekezo langu lina masharti. Baada ya ndege ya Air France kutekwa Juni 1976 na kupelekwa Entebbe, na makomandoo wa Israel kuwaokoa mateka usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, vituo vya Marekani vilishindana kukigeuza kisa hicho kuwa sinema. ABC iliwahi Desemba mwaka huo huo kwa Victory at Entebbe, iliyorekodiwa kwenye mikanda ya video na kujazwa majina makubwa kama Elizabeth Taylor, Kirk Douglas na Burt Lancaster. Haraka yake inaonekana kila mahali. Godfrey Cambridge, aliyechaguliwa kumwigiza Idi Amin, alifariki ghafla wakati wa kazi hiyo, na Julius Harris akachukua nafasi yake. Hii unaweza kuiruka bila majuto.

Raid on Entebbe ya NBC, iliyofuata Januari 1977 chini ya uongozaji wa Irvin Kershner, ni jambo jingine. Yaphet Kotto anamwigiza Amin kwa bashasha nzito inayotisha kuliko makelele, kwa kuwa huwezi kukisia cheko lake litaishia wapi. Peter Finch, katika nafasi ya Waziri Mkuu wa Israel, Rabin, anaonekana amechoka kweli; alifariki siku chache tu baada ya sinema kurushwa. Malalamiko yangu ni kwamba Waganda, ukimwondoa Amin, karibu wote ni bunduki na sare tu. Makumi ya askari wao waliuawa usiku ule, na hakuna hata mmoja tunayepewa nafasi ya kumfahamu. Vilevile Kenya, iliyoruhusu ndege za Israel kujaza mafuta Nairobi, inapita kandokando ya hadithi, na visasi vilivyowaangukia Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda havimo. Nashauri iangaliwe pamoja na mzee anayezikumbuka siku zile, kwa maana yatakayosemwa sebuleni yatajaza mengi yaliyoachwa.

Si kila kilichotengenezwa kwa televisheni ni dhahabu, na nyingine nimezizima kabla ya robo saa. Nyumba ni zile zile, taa zinamulika kila kona kana kwamba giza lilikatazwa kwa sheria, na visa vya mwanamke anayetishwa peke yake kwenye jumba kubwa vilirudiwa mpaka vikachujuka. Trilogy of Terror ya mwaka 1975, kwa mfano, ina hadithi tatu, lakini ruka mpaka ya tatu, ya Karen Black na kile kisanamu chenye meno. Mbili za kwanza zinajaza muda.

Kuhusu upatikanaji, hapa kwetu sinema hizi hazikuja kwa njia iliyokusudiwa. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973 ikiwa ya rangi, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, hivyo waliozijua wengi walizijua kwa kanda za video. Leo nyingi zimepandishwa mtandaoni na watu binafsi kutoka kwenye kanda hizo hizo, zikiwa na mikwaruzo na sauti inayofifia, na baadhi zimekatwa mwisho. Zile maarufu zimetolewa upya kwa diski zenye picha safi, na kwa Duel tofauti ni kubwa mno. Jambo moja la kiufundi ni muhimu: picha zake zilikusudiwa kwa televisheni za zamani zenye umbo la karibu mraba, kwa hiyo weka mpangilio wa runinga yako kwenye 4:3 na ukubali nafasi nyeusi pande zote mbili. Ukiiacha runinga ijitanue yenyewe, kila mtu anakuwa mnene na lori la Duel linafanana na basi dogo.

Nimeiacha mwisho The Day After, ambayo si ya miaka ya sabini bali ya Novemba 1983, kwa sababu siwezi kuipendekeza kwa jioni ya kawaida. Inahusu watu wa miji ya Marekani ya Lawrence na Kansas City kabla na baada ya mabomu ya nyuklia kuanguka, na inakadiriwa kuwa Wamarekani milioni 100 waliiangalia usiku ilipoonyeshwa. Rais Reagan, aliyeiona mapema, aliandika katika shajara yake kwamba ilimhuzunisha sana. ABC ilirusha matangazo ya biashara katika sehemu ya kwanza tu. Baada ya mabomu hapakuwa na tangazo hata moja. Baada ya kuzoea ile mikato ya giza katika sinema nyingine zote, utaihisi isipokuja. Iangalie mchana, watoto wakiwa shuleni.