Kimashine cha elfu 25 cha kusoma kodi (namba za makosa) za gari, nimekaa nacho mwaka na nusu

Taa ya injini ya Toyota IST yangu iliwaka Jumatatu asubuhi tena katikati ya mwezi, wakati ambao mfuko hauna hata cha kusingizia. Gari ni ya 2004, ile yenye injini ya 1NZ ya cc 1500, nimekaa nayo mwaka wa sita huu na haijawahi kunilaza njiani, mi kazi yangu ni kumwaga oili na kubadili filta na plagi basi. Siku hiyo sasa ikisimama kwenye foleni inatetemeka kama ina homa, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda unashuka wenyewe, ila ukikanyaga mafuta ukapanda nayo Kimara inakuwa kama haina tatizo.

Fundi wangu wa siku zote akaja na mashine yake, kupima elfu 20, akaangalia akasema "bosi hii oksijeni sensa imekufa, tuitafute." Hiyo ni ile inayonusa oksijeni kwenye moshi wa injini. Tukaipata ya mtumba laki na ishirini, ufundi elfu 30. Taa ikazima, nikafurahi, siku ya nne ikawaka tena. Akarudi, elfu 20 nyingine ya kupima ugonjwa uleule, safari hii akasema itakuwa pampu ya mafuta. Hapo ndo nikamwambia ngoja kwanza kaka, nipe wiki nijipange, kumbe mi nishaona bora hiyo hela ya kupimiwa ninunue kipimio nijipimie mwenyewe.

Naongelea vile vidude vya ELM327, vidogo kama kiberiti, unachomeka chini ya usukani kwenye soketi ya pini 16 halafu unasoma kwenye simu kwa blututhi. Hilo jina ni la chipu ya kampuni moja ya Kanada, ila vingi tunavyouziwa Kariakoo ni kopi, na kopi zenyewe zinatofautiana kama embe sokoni, nje zote zinafanana.

Cha kwanza nilinunua elfu 15, kibuluu, kimeandikwa v2.1. Muuzaji kaniapia kinashika gari zote. Nikafika nyumbani nikachomeka, taa zikawaka, simu ikaomba namba ya siri nikaweka 1234 ikakubali, nikasema haya ndo mambo. Kumbe simu imeongea na kidude ila kidude hakiongei na gari, nilikaa kwenye kiti cha dereva saa nzima nawasha nazima swichi mpaka mama watoto akaja kuuliza kama nimegombana na mtu. Kurudi dukani naambiwa gari yako ndo mbovu. Sawa.

Cha pili elfu 25 duka jingine, v1.5, na hiki ndo ninachokisifia hapa. Lakini nacho siku ya kwanza kiligoma! Hapa naomba wenye IST, Vitz, Raum na ndugu zake wasome vizuri kwa sababu ndo wengi tunapokwama: gari hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani kwenyewe, hazikuletwa kwa utaratibu wa Marekani ambako tangu modeli za 1996 kila gari ndogo lazima iongee lugha moja ya OBD2, yaani utaratibu wa kompyuta ya gari kuongea na vipimio. Soketi ni ileile ila lugha ina lafudhi yake. Kwahiyo usiache programu ya kwenye simu ijitafutie yenyewe, ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kuchagua aina ya gari, chagua Toyota za soko la Japani, halafu ujaribu tena. Mi nilivyofanya hivyo ikashika ndani ya sekunde kumi. Pengine hata kile cha elfu 15 kingeshika, ila nishakirudisha na sitaki kujua.

Kodi ikaja P0171. Nikasoma maana yake, nikacheka peke yangu kwa uchungu. P0171 haisemi badilisha sensa, inasema hewa imezidi mafuta. Na anayetoa hiyo taarifa ni hiyohiyo oksijeni sensa tuliyoing'oa! Wahenga wanasema mjumbe hauawi, sisi tulimuua na tukalipa laki na nusu ya mazishi.

Sasa utamu wa hiki kidude hauko kwenye kodi, uko kwenye namba zinazotembea gari ikiwa inaunguruma. Kuna namba mbili za marekebisho ya mafuta, moja ya muda mfupi moja ya muda mrefu, ukizijumlisha unajua kompyuta ya gari inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi kuliko ilivyopangiwa. Gari isiyo na tatizo inatakiwa icheze karibu na sifuri, tano hivi juu au chini hakuna neno. Yangu ikiwa sailensi, mguu haupo kwenye mafuta, ilikuwa 24. Nikamwambia mwanangu akanyage taratibu mpaka RPM 2500 ashikilie hapo, ikashuka mpaka 6. Nikarudia mara tatu, vilevile.

Nilikaa nikafikiria. Kama pampu imechoka, ukikanyaga ndo mafuta yanatakiwa mengi, kwahiyo namba ingepanda. Hii inashuka. Maana yake kuna tundu linavuta hewa ya wizi, ambalo gari ikitulia linaonekana kubwa kwa sababu mlango wa hewa umefungwa na injini inavuta kwa nguvu kila inapopata upenyo, ila ukikanyaga hewa ya halali inakuwa nyingi mpaka ile ya wizi haihesabiki. Pampu ilikuwa haina kesi.

Nikafungua boneti nikiwa nimeshika simu mkono mmoja na koleo mkono wa pili, gari inaunguruma, nikawa nabana vimpira kimoja kimoja taratibu, nabana naangalia namba naachia. Cha kwanza hakuna, cha pili hakuna. Nikafika kwenye kile kimpira kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu kinaingia kwenye manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), nilivyokibana tu injini ikabadilika sauti, namba nayo ikaanza kushuka 24, 19, 11, 7. Nikaachia, ikapanda. Nikazima nikakichomoa, juu kizima kabisa kinang'aa, ila kwenye kona kwa chini huwezi kupaona kimepasuka mpasuko wa urefu wa kucha, ukikikunja unafunguka kama mdomo. Raba ya miaka ishirini, imelipa deni lake. Kimpira elfu 8 Gerezani na klipu mbili mpya, nimekivisha kwa dakika kumi kwa mikono yangu. Nikafuta kodi, wiki ikapita, mwezi ukapita, taa haijawaka na mafuta naona yanaenda mbali kidogo kuliko kabla.

Kabla hujafuta kodi ipige picha kwanza, pamoja na ile kurasa inayoonyesha gari ilikuwa spidi ngapi na joto la maji lilikuwa ngapi wakati kodi inaingia. Ukifuta vyote vinaondoka na fundi anabaki kubahatisha.

Kasoro zake ninazo pia. Kubwa ni kwamba ile soketi ina umeme muda wote hata ukitoa funguo, kwahiyo ukikiacha kimechomekwa kinaendelea kunywa betri kidogo kidogo. Mi nilikisahau nikaenda Moshi msibani siku kumi, narudi gari haifungui hata loki, ikabidi jirani alete gari yake tushtue kwa waya. Ya pili, hivi vya blututhi ya kawaida kwenye aifoni havifanyi kazi, wenye aifoni tafuteni vya waifai au vile vya blututhi mpya, bei inapanda kidogo. Ya tatu ni plastiki yenyewe, kifuniko changu kilishaachia nimekizungushia seloteipu nyeusi na maisha yanaendelea.

Na kinasoma injini. Ebiesi ya breki, eabegi, giaboksi, huko mara nyingi hakifiki. Niliijua hiyo kwa shemeji yangu ambaye ana gari ya Kizungu, sitaitaja maana ananisoma, gari nzuri viti vya ngozi ukikaa hutaki kushuka, ila dashibodi ina taa kama mti wa Krismasi. Akaniita, "shem njoo na kile kidude chako tuokoe ndoa." Nilichomeka, upande wa injini nikapata kodi mbili za koili, tukabadili koili na plagi uwanjani kwake Jumapili ikaacha kumisi. Ila taa ya giaboksi na ya breki zimebaki vilevile, kidude kinaniambia hakuna kosa wakati taa zinatutazama. Ile inataka mashine ya gari zile zenyewe na fundi anayezijua, na hao wote bei zao unazisikia ukiwa umekaa.

Hapo ndo unajua tofauti. Mi nikikosea kwenye IST nimepoteza kimpira cha elfu 8 na asubuhi moja. Shemeji akikosea anaagiza nje, anasubiri wiki tatu anapanda bodaboda na suti.

Kilichonishangaza zaidi lakini ni matumizi ambayo sikuyanunulia kabisa. Rafiki yangu alikuwa anaenda kuangalia gari ya mtu, ya 2012, safi imepigwa polishi, akaniomba nimsindikize. Mwenye gari akatuambia hii haijawahi kunisumbua, mi nauza kwa sababu nahama tu. Tukawasha, taa ya injini inawaka inazima kama inavyotakiwa, hakuna kitu. Nikaomba nichomeke. Kodi hakuna. Nikaingia sehemu ya vipimo ambavyo gari inajifanyia yenyewe, karibu vyote vimeandikwa bado havijakamilika. Chini yake kuna mstari unasema umbali uliotembea tangu kodi zifutwe: kilomita 3.

Sikusema kitu, nikampa rafiki yangu simu asome. Akasoma akamuuliza mwenye gari kwa upole kabisa, "bro, kutoka hapa mpaka gereji yako ni kilomita ngapi?" Jamaa akaangalia pembeni. Mwishoni alikubali kuna mlio kwenye giaboksi ukipata moto, na alishusha bei milioni moja na nusu bila kuombwa, ila rafiki yangu hakuichukua.

Haya, na yule fundi wangu. Sikumgombeza, ni kijana wangu wa mtaani na mkono wake kwenye shokapu na breki siuachi. Nilimwonyesha tu kile kimpira na zile namba kwenye simu, akakigeuzageuza, akakikunja mpasuko ukafunguka, akasema "duh." Sensa ya zamani akanirudishia, iko stoo haina ubaya wowote. Halafu akaniomba kidude akajaribie gari ya mteja wake Tabata, siku moja tu.

Leo ni wiki ya pili. Nimempigia asubuhi, anasema yuko njiani anakileta.