TAHADHARI: Ofa ya "Papa Potwe Mafia" mwezi wa nne

Jamani, kabla hujatuma kianzio cha safari ya Mafia ya Pasaka au Muungano, soma hapa kwanza. Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu: siku nne Mafia, kuogelea na papa potwe (whale shark), kupiga mbizi kwa mtungi, chumba na ndege humo humo, kwa bei isiyotosha hata nauli ya ndege peke yake. Binamu yangu na wenzake wa kazini walilipa nusu. Wiki ya safari simu zikawa hazipokelewi, ukurasa ukabadilishwa jina, na picha zile zile sasa zinauza safari ya Muungano.

Papa potwe huonekana Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari, Machi kwa bahati. Ukimbana muuzaji anakujibu kwamba wa Mafia hawahami, wapo mwaka mzima. Hapo ndipo watu wanaponasa, maana nusu ya jibu ni kweli. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia walikuta wengi hawaendi mbali na kisiwa. Ila miezi mingine huingia maji ya nje yenye kina, na wewe uliyeelea juu na miwani na mrija humwoni hata mmoja. Halafu Aprili ni masika, na hoteli kadhaa za kule hufunga kabisa. Muuzaji mkweli angekwambia hayo kabla hujauliza.

Tazameni na ratiba yao: siku ya mwisho asubuhi mbizi mbili, saa tisa alasiri ndege ya Dar. Mtu wa kazi hii hawezi kuandika hivyo. Ukishapiga mbizi zaidi ya moja unatakiwa kusubiri angalau saa 18 ndipo upande ndege, kwa sababu naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inaweza kugeuka mapovu kwenye damu. Wala hawakuulizwa kama kuna mwenye pumu, moyo au matatizo ya masikio. Kituo cha kweli hukupa fomu ya afya ujaze, na asiye na cheti hashushwi zaidi ya mita 12. Pesa inauma, lakini mimi nilichoogopa zaidi ni hiki: vipi kama wangekuwa na boti kweli, wakawashusha majini?

"Ada ya hifadhi" nayo walidaiwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, wakaambiwa ni mhasibu. Malipo ya serikali yana namba yake ya kumbukumbu, hayaendi kwenye simu ya mtu. Dai leseni ya biashara ya utalii (ile ambayo wengi huiita TALA), kisha ipigie hoteli kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama jina lako lipo.

Ukishatuma, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako saa hiyo hiyo kabla hela haijatolewa, ripoti namba ya tapeli kwenda 15040, na upeleke ujumbe wa muamala polisi. Binamu yangu na wenzake wanafungua jalada moja kwa pamoja. Kama na wewe ulilipa kwa hawa, njoo inbox uunganishwe nao.